Makosa Ishirini na Nane ni Yangu

Somoe mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana leo tumeshasalimiana mara nne na kugombana mara mbili, na sasa hivi umetoka kwenda kumuaga bibi yako. Kumuaga bibi yako hakuchukui chini ya saa mbili. Atakupa uji, atakulaumu kwa kuwa hukuumaliza, atakupa mwingine, ndipo aanze dua. Kwa hiyo muda ninao. Nimekaa hapa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya kibao cha kusukumia chapati. Ukiona unga kwenye barua ujue umetoka wapi.

Mwandiko wangu unaujua. Shule niliacha darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa mteja wangu wa mihogo. Kwa hiyo usinipitie na kalamu nyekundu.

Mambo ya sweta ya kwenye basi, ya begi kulipakata mbele, ya kutokununua mayai ya kuchemsha dirishani, hayo shangazi yako ameshakwambia, na kesho pale stendi ya Nangurukuru atakwambia tena mpaka basi liondoke naye amening'inia mlangoni. Mimi nina jambo moja tu. Kukwambia usoni siwezi, maana usoni nitaligeuza mzaha, na wewe utacheka, na litapita. Najijua.

Nimepekua begi lako.

Nuna kwanza, nakusubiri.

Haya. Nilikuwa natia zile khanga mbili chini, mkono ukagusa daftari la jalada la kijani. Juu umeandika kwa herufi kubwa, MAKOSA YA KITABU. Mama gani ataona hivyo asifungue? Nimesoma yote. Umeyapanga kwa namba, thelathini na moja, na pembeni ya mengine umeweka alama za kushangaa mbili mbili, mpaka nikaogopa.

Sasa sikiliza, nikuanzie mbali kidogo, maana ulikuwa mdogo na mengi huyajui, na yale unayoyajua nilikudanganya.

Magreti alikuja hapa Kivinje wewe una miaka saba. Mwanamke wa Kizungu, mrefu, mlango wetu wa nyuma ulimpiga paji la uso kila asubuhi, na kila asubuhi aliuomba radhi mlango. Alitaka kuandika hadithi ya zamani, ya mwanamke wa hapahapa, muuza mikeka, jina akampa Mwanaisha, wakati Mjerumani ndiyo kwanza anajenga boma. Alipanga kile chumba chetu cha magunia. Mimi wakati huo nauza kila kitu, chapati asubuhi, mikeka mchana, pweza jioni, vocha katikati. Alipouliza nani atamfundisha maisha ya watu wa pwani, nikamwambia umefika. Mimi, mtoto wa Rutamba, niliyeiona bahari kwa mara ya kwanza siku naolewa. Lakini biashara haikusubiri, nikamwambia umefika.

Na kusema haki, alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikalia ile mbuzi ya kukunia nazi, miguu imejikunja kama panzi, daftari jeusi mapajani, ananitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari, lakini masikio yake yalikuwa ya mwizi. Baba yako siku moja alichelewa kuja kula, nikampigia kelele kutoka jikoni, "Njoo ule, au nimpe paka, paka ananishukuru." Nikageuka, Magreti ameshaandika. Neno kwa neno, na paka ndani.

Ndiyo kitabu hicho ambacho sasa kinatiwa Kiswahili, na kesho unapanda basi kwenda Dar kwa ajili yake. Yule mzee mfasiri kaomba kijana wa huku kwetu, akae naye, amwambie wapi maneno hayana harufu ya nyumbani. Magreti mwenyewe anakuja kutoka kwao, mtakaa meza moja watu watatu. Nimefurahi mpaka nimewapa wateja chapati bure, unajua hilo kwangu ni jambo zito. Lakini juzi nikakusikia unaongea na mwenzako Pili kwenye simu. Ulisema utamsomea Magreti makosa yake moja baada ya jingine, mbele ya huyo mzee. Ulisema wazungu wakija wanatuandika kama sanamu, hakuna anayecheka, hakuna anayegombana, mume na mke wanaongea kama wako kwenye khutba.

Nilikuwa nageuza chapati. Ikaungua. Ukaniuliza mama vipi, nikasema mafuta mabovu. Mafuta hayakuwa na kosa.

Somoe, ishirini na nane kati ya hayo makosa ni yangu.

Kaa chini. Najua umesimama.

Matatu ni ya Magreti kweli, simtetei. Pilau la maziwa ni lake, sijui alilitoa wapi, Mungu amsamehe. Yule mzee wa kijijini ambaye akiulizwa njia anajibu kwa methali ni wake pia. Babu yako akiulizwa njia alikuwa anasema pinda pale kwa muuza mkaa. Na Mwanaisha kwenda pwani peke yake kila jua likizama, akasimama anaitazama bahari na kufikiri, hilo ni lake. Kufikiri nini? Chungu kamwachia nani? Hapo umeweka alama za kushangaa tatu, nakuunga mkono, ongeza ya nne.

Mengine yote, mwenye nayo ndiye huyu anayekuandikia. Na sikuyafanya kwa kutojua. Nilijua. Magreti alikuwa ameandika sawasawa, mimi nikamfutisha.

Ilikuwa hivi. Babu yako wa Rutamba alifariki Magreti akiwa bado kwetu. Wewe ulikuwa na homa, tukakuacha kwa Mama Pili. Tukaenda mimi, baba yako, Magreti, na bibi yako wa Kivinje. Bibi yako alikuwa hajawahi kufika kwetu. Miaka tisa nimeolewa kwao, ndiyo mara ya kwanza anakwenda kuona nimetoka wapi, na anakwenda msibani.

Wewe unamjua bibi yako wa sasa, wa uji na dua. Yule wa wakati ule alikuwa mwingine. Watu wa Kivinje wa zamani, nyumba ina mlango wa nakshi hata kama paa linavuja. Hakunitukana hata siku moja, hapana, yeye alikuwa ananirekebisha. Nikikaa, ananirekebisha mguu. Nikisema neno la kwetu, analirudia taratibu kwa Kiswahili chake, kama anaokota kitu nilichoangusha. Nikicheka kwa sauti, anafunga dirisha. Miaka tisa mwanangu najifunza kucheka kama mtu anayepiga chafya msikitini.

Basi tumefika. Babu yako ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, jeneza liko tayari kutoka, na sheikh amesimama. Mimi tangu nilipoletewa habari sikuwa nimelia. Macho makavu, nagawa vikombe vya kahawa, nahesabu mikeka, nauliza nani hajala. Watu wanasema mwana wa marehemu ana moyo. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa jiwe.

Hapo ndipo akaingia Mzee Mkwinda. Mngindo yule, mtani wa babu yako. Miaka arobaini walikuwa wanatukanana asubuhi kabla ya kusalimiana. Akaingia amevaa koti la kijivu la babu yako, kofia ya babu yako, na bakora ya babu yako mkononi. Akasimama katikati ya ua, akakohoa. Vifupi vitatu, kirefu kimoja, halafu akasema astaghfirullah na kumtazama mtu wa jirani, kana kwamba yule ndiye aliyekohoa. Somoe, alikuwa babu yako mtupu. Akaenda jikoni kwa mwendo ule wake wa kujifanya anapita tu, akafunua kifuniko cha sufuria kwa ncha ya bakora, akanusa, akasikitika. Wanawake wakaanza kushikana mabega. Halafu akarudi, akajilaza kwenye kizingiti, mlango mzima, jeneza lisipate pa kupita.

Akasema, "Huyu hatoki. Aliniahidi kunifundisha kusuka mgono wa kutegea samaki kabla hajafa. Sasa kafa makusudi."

Sheikh akatazama saa, lakini alikuwa wa hukohuko Rutamba, akaitazama bila kuiona. Kaka yangu mkubwa akaleta kuku wa kumlipa mtani apishe njia. Mzee Mkwinda, chali pale chini, akamkagua yule kuku, akasema amekonda kama ahadi za marehemu. Nikacheka. Nilicheka nikashika ukuta, na katikati ya kucheka kicheko kikageuka, sijui kiligeukia wapi, nikajikuta nalia. Nililia kilio chote cha siku mbili. Na nilipofuta macho nikaona Mzee Mkwinda amesimama, koti limemjaa vumbi, machozi yanaingia kwenye ndevu, na yeye ndiye wa kwanza kushika jeneza.

Magreti alikuwa amesimama karibu na pipa la maji. Daftari lilikuwa limefungwa. Alikuwa analia pia, na babu yako hakuwahi kumsalimia zaidi ya mara moja.

Na bibi yako alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho chini, mguu umewekwa vizuri.

Tuliporudi, ndani ya gari, tumeshapita Mchinga, bibi yako akasema polepole tu, "Kumbe kwenu mtu akifa ni harusi."

Baba yako akatazama nje. Mimi nikasema ndiyo mama.

Wiki kadhaa baadaye Magreti akanisomea sura yake, akiigeuza Kiswahili. Baba wa Mwanaisha amekufa, na mtani amelala mlangoni. Alikuwa amebadilisha majina na vazi, koti amelifanya joho la zamani, lakini kikohozi alikiandika vilevile. Vifupi vitatu, kirefu kimoja. Alisoma kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, na hata hivyo nilimwona babu yako anaingia jikoni kwangu na kunusa sufuria.

Sasa ukuta wa jikoni unaujua, ule wa miti na udongo, pumzi inapita. Na upande wa pili bibi yako alikuwa anachambua mchele. Nikasikia mchele umeacha kulia kwenye ungo.

"Futa," nikamwambia Magreti.

Akasema, "Lakini Mama Somoe, niliona kwa macho yangu."

"Uliona," nikasema kwa sauti kubwa, "lakini hukuelewa. Sisi watu wa pwani hatucheki msibani."

Sikuwa namwambia yeye. Nilikuwa nauambia ukuta. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na penseli. Akainamisha kichwa, uso mwekundu, akachora mstari juu ya babu yako.

Na mchele ukaanza tena kulia kwenye ungo.

Sijui nikueleze vipi utamu niliousikia. Mimi wa darasa la nne nimesema neno moja na mtu mwenye vyuo vitatu amefuta. Maana mgeni ukimwambia hukuelewa, atafanya nini? Hana pa kushika. Anayejua ni wewe. Unaweza kumwambia samaki wa hapa wanaota manyoya, ataandika, atakushukuru. Basi mwanangu, mkono ukazoea. Nikaanza kusafisha kitabu kizima kama nyumba inayosubiri wageni wa posa.

Alinisomea Mwanaisha anamwita mumewe aje kula, paka na yote. Nikasema futa paka. Mwanamke wa Kilwa humwambia mumewe, ewe mume wangu mpenzi, karibu mezani. Baba yako alikuwa anapita, akasimama, akaniuliza meza ipi. Nikamkanyaga mguu. Hilo ndilo kosa lako namba tatu, umeandika "nani anaongea hivi???" Hakuna anayeongea hivyo, mwanangu. Nilitunga nikiwa nasukuma chapati.

Alinisomea mawifi wawili wanapigana mafumbo kisimani. Nikafuta, nikasema mawifi wa hapa wanapendana. Mume anakoroma, nikafuta koroma. Mtoto anaiba sukari, nikafuta, nikaweka mtoto anasoma Kurani. Kuna mahali Mwanaisha alikuwa anauza mkeka, anabishana na Mhindi bei mpaka Mhindi anamwita binamu yake aje amsaidie. Alikuwa amenichukua mimi mzima mzima pale, mikono kiunoni. Nikasema hapana, Magreti, heshima yetu hairuhusu. Mwanamke wetu akitajiwa bei ya kwanza huinamisha kichwa akapokea.

Mimi. Mimi niliyemfuata muuza sufuria hadi Nangurukuru kwa sababu kifuniko hakikukaa sawa.

Hilo lilinirudia, na sijawahi kumwambia mtu. Kitabu kilipotoka walianza kuja watalii wachache nacho mkononi, wanatafuta nyumba ya Mwanaisha. Wewe ulikuwa shule. Nikavaa baibui jeusi, nikaongea taratibu, nikamimina kahawa bila kusema kitu, kama kitabu kinavyotaka. Saa mbili nzima sikufanya mzaha hata mmoja, kichwa kikaniuma mpaka usiku. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mpole, akaupenda ule mkeka wangu wa ukindu, wa rangi tatu, ule niliokaa nao masika nzima. Akataja bei. Bei ya kuchekesha, ya kununulia fagio. Halafu akanitazama kwa heshima kubwa, anasubiri.

Nikainamisha kichwa.

Ningefanyaje? Ilikuwa imeandikwa. Akaondoka nao amefurahi, akaniambia mimi ni kama vile alivyosoma.

Nilicheka peke yangu jikoni, lakini si kicheko cha kumhadithia mtu. Ndiyo maana siku ile ulipokuwa kidato cha tatu, ukanisomea kile kitabu kwa kukigeuza Kiswahili papo kwa papo, ukafika mwisho ukaniuliza, "Mama, mbona humu hakuna mtu anayefanana na wewe?" nikakwambia nenda kachote maji. Pipa lilikuwa limejaa. Ulikwenda, ukarudi, ukaniambia limejaa. Nikasema basi mwagilia mchicha.

Lingeishia hapo lingekuwa kosa la kawaida, mtu anabeba anakwenda nalo. Lakini baba yako naye akafariki, na siku ile ulikuwepo, ila sidhani kama ulijua unachokiona.

Bibi yako amezika mwanawe wa kiume wa pekee. Siku tatu amekaa kwenye ule mkeka, mguu umewekwa vizuri, hali, halii. Watu wanasema mama ana subira. Mimi nikimtazama nikajiona mwenyewe kule Rutamba na vikombe vyangu vya kahawa. Nilijua yule ni jiwe. Lakini nimwambie nini, kwangu mtu akifa si ni harusi?

Siku ya tatu akaja Tatu Mkwinda, bintiye yule mzee, mtani wangu. Unamkumbuka, yule wa sauti nzito. Nilipomwona anashuka kwenye bodaboda nikataka kumkimbilia nimwambie leo usithubutu. Nilichelewa. Alishaingia chumbani, ametoka amevaa ile fulana ya baba yako iliyotoboka begani, na miwani yake ameipandisha juu ya kofia. Akaanza kutafuta miwani. Chini ya mkeka, ndani ya birika, kwenye kikapu cha bibi yako. Analalamika kwa sauti ya baba yako kwamba nyumba hii ina mashetani ya kuiba miwani. Akamwinua jogoo akamtazama chini ya bawa.

Wanawake wa Kivinje wanatazamana. Mimi nimefumba macho, nangoja dirisha lifungwe.

Nikasikia kama mtu amepaliwa. Nikafumbua. Bibi yako alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanatetemeka, na mguu ulikuwa umenyooka mbele yake ovyo kama mguu wa mtoto. Alicheka, halafu akalia kilio kile ulichokisikia wewe ukaingia mbio ukidhani ameanguka. Na alipopata pumzi akanishika mkono, akaniambia, "Mwambie arudie ile ya miwani."

Tatu akairudia mara nne.

Kitabu kilikuwa kimeshachapwa zamani. Na ndani yake, mbele kabisa, kwenye yale maneno ya shukrani, Magreti kaandika kwamba anamshukuru Mama Somoe, aliyemzuia asikosee. Ulinisomea hilo nikajifanya nina vumbi jichoni.

Sasa wewe kesho unakwenda kukaa meza moja na huyu mwanamke, na daftari la kijani. Ameshakutumia ujumbe kwamba kazi itakuwa nyepesi kwa sababu mama yako alishasahihisha kila kitu. Ukimsomea orodha yako kama ulivyopanga, atainamisha kichwa tena, na uso mwekundu, na atafuta, na hatasema mama yako ndiye aliyeniambia. Namjua, hatasema. Atabeba. Na wewe utausikia ule utamu. Usicheze nao, Somoe. Mimi ulinigharimu baba yangu, nilimfuta kwa mdomo wangu mwenyewe, na ulinigharimu mkeka.

Kwa hiyo niuze. Ndiyo, niuze mimi, na mimi ni mfanyabiashara, nakupa ruhusa bila kupatana bei. Mwambie Magreti mbele ya yule mzee, mama yangu alikuongopea, aliogopa watu wetu wasionekane washamba, na aliyekuwa nyuma ya ukuta ni bibi yangu. Jina langu watalitoa kwenye shukrani, walitoe tu. Halafu muulize kama bado analo lile daftari jeusi. Pale alipofuta alichora mstari mmoja mwembamba wa penseli, nilikuwa nautazama. Chini yake panasomeka. Kikohozi kiko pale. Paka yuko pale. Kama hana tena, basi unayo barua hii, ina unga kidogo lakini yote yamo.

Na akikuuliza jambo usilolijua, mwambie silijui, nitampigia mama. Mimi sikuwahi kusema hivyo hata siku moja, ndiyo maana nina makosa ishirini na nane na yeye ana matatu.

Bibi yako mrudie usiku huu, umwambie tu kwamba unakwenda kumrudisha mtani mlangoni. Usimweleze zaidi. Ataelewa, na atakupa uji.

Nasikia geti, nadhani ni wewe, kwa hiyo namalizia. Kesho pale stendi Tatu Mkwinda atakuja kukuaga. Amenipigia simu, kasema atakuja na kapu kichwani kuwaonesha abiria utakavyotembea ukirudi kutoka Dar, na mdomo utakaokuwa nao. Usione haya. Cheka, watu wajue umetoka kwa watu.

Na mimi siku yangu ikifika, msije mkaniwekea ukimya wa kitabuni. Mwache Tatu avae khanga yangu ya kazini, ile yenye madoa ya mafuta, ajilaze mlangoni, akatae nisitoke. Mpeni kuku mnene, asije akanisema. Lakini wewe simama karibu umwangalie, hata kama unalia, maana Tatu ana haraka. Mguu ninaouburuta ni wa kushoto. Akiburuta wa kulia mwambie aanze upya.

Mama yako,
mwenye makosa yote isipokuwa lile pilau.